Mama, si kila dalili ni umri

Na Mwandishi Wetu

MWALIMU amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akiwafunza watoto wa Gredi ya Tano hesabu. Ghafla joto linamwanza kifuani, linapanda shingoni hadi usoni. Jasho linamtiririka ingawa ni mwezi wa Julai na watoto wote wamevaa sweta. Kabla joto hilo halijatulia, tumbo nalo linasokota. Anamwita kiranja aandike majina ya wapiga kelele, kisha anatoka mbio kuelekea choo cha walimu kilicho upande wa pili wa uwanja. Akirudi, anasikia vicheko vya chini kwa chini kutoka madawati ya nyuma.

Nyumbani hali ni ile ile. Saa nane za usiku anaamka shuka zikiwa zimelowa. Mumewe anauliza kwa sauti ya usingizi kama ni malaria. Asubuhi binti yake aliye chuoni anapiga simu kumjulia hali, naye anajibu kwa ukali bila sababu, halafu anajuta kutwa nzima.

Mama huyu ana umri wa miaka 47. Kwa miaka tisa amekuwa akitibiwa vidonda vya utumbo mpana, na kwa muda mrefu dawa ziliutuliza ugonjwa huo. Sasa damu imeanza kuonekana tena na hana hakika inatoka wapi, kwani hata hedhi yake siku hizi haina mpango. Wenzake katika chama wamemwambia, "Hiyo ni umri, mama. Itapita tu."

Mama huyu tumemchora kwa mfano, lakini wengi wanaosoma ukurasa huu watamtambua. Huenda ni wewe, huenda ni mamako, shangazi yako au jirani mnayegawana ua. Maneno ya wenzake yalisemwa kwa nia njema. Hata hivyo, yanaweza kumfanya mtu akae nyumbani na ugonjwa ambao ungetibika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na aliye na maradhi mawili ana hatari zaidi, kwa sababu moja laweza kujificha nyuma ya jingine hata bila mwenyewe kukusudia.

Mabadiliko huanza kabla ya hedhi kukoma

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Mama huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito au dawa.

Lakini mambo hayaanzi siku hiyo. Kabla yake kuna kipindi cha mpito ambacho kwa wengi huchukua miaka minne hivi. Wapo wanaokimaliza kwa miaka miwili, na wapo wanaokaa nacho hata miaka minane. Katika kipindi hiki homoni za estrojeni na projesteroni hazipungui polepole kwa utaratibu kama maji yanayopungua katika tangi. Hupanda leo na kushuka kesho. Ndipo hedhi huja mara mbili kwa mwezi, ikapotea miezi miwili, kisha ikarudi kwa wingi usio wa kawaida.

Pamoja na hayo huja joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, hasira za haraka, kusahausahau, maumivu ya viungo, ukavu ukeni na mapigo ya moyo kwenda mbio. Si kila mama hupatwa na yote. Wengine hupita kipindi hiki bila usumbufu mkubwa, ilhali wengine hulemewa hadi wakafikiria kuacha kazi.

Maradhi ya tumbo si ya aina moja

Kuna maradhi ya matumbo ambayo humshika mtu kwa miaka mingi, yakitulia na kurudi. Ni muhimu kuyagawa mafungu mawili, kwa kuwa watu wengi huyachanganya.

Fungu la kwanza ni lile ambalo madaktari huliita kwa kifupi IBS. Hapa utumbo ukitazamwa huonekana mzima, hauna kidonda, lakini kazi yake imevurugika. Mishipa ya fahamu inayounganisha ubongo na tumbo imekuwa myepesi kushtuka. Mgonjwa huumwa na tumbo, hujaa gesi, huhara au hukosa choo, au hupatwa na yote mawili kwa zamu. Ugonjwa huu hausababishi saratani, lakini humnyima mtu raha kwelikweli.

Fungu la pili huitwa kwa kifupi IBD. Hapa pana uvimbe na vidonda vya kweli. Ndani yake kuna kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote tangu mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Ugonjwa huu wa pili ulipewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliueleza katika makala ya mwaka 1932. Dalili zake ni kuhara kwa muda mrefu, damu na kamasi katika choo, maumivu, kukonda na wakati mwingine homa.

Katika miji yetu mgonjwa wa fungu hili anaweza kuzunguka muda mrefu kabla ya kujua anachougua. Akienda duka la dawa huambiwa, "Mama, hiyo ni ameba." Akipata homa huambiwa ni taifodi. Hupewa vidonge, akapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Ikiwa umetibiwa ameba mara tatu au nne na tumbo halitulii, omba kufanyiwa uchunguzi kamili. Kuna kipimo cha kinyesi cha kutafuta protini iitwayo kalprotektini, ambacho humsaidia daktari kujua kama utumbo una uvimbe au la. Kuna pia kamera nyembamba inayopitishwa katika njia ya haja kubwa ili daktari ajionee mwenyewe.

Homoni na tumbo ni majirani

Akina mama wengi wenye IBS wanajua bila kufundishwa na mtu kwamba tumbo huwasumbua zaidi siku za hedhi. Hiyo si dhana tu. Utumbo una sehemu zinazopokea ujumbe wa homoni za kike. Projesteroni ikiwa nyingi, mwendo wa chakula tumboni hupungua na mama akakosa choo. Hedhi inapoanza, kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukaza mji wa mimba ili utoe damu, huukaza utumbo pia, na mama akahara.

Zamani, mama aliyeona hedhi kila baada ya siku 28 aliweza kujua lini tumbo litamsumbua akajipanga. Sasa mpango huo umevunjika. Hedhi haina tarehe, na tumbo nalo halina tarehe. Kwa wenye IBD hali hutofautiana kutoka kwa mtu hadi mtu. Wapo wanaoona ugonjwa ukichacha na wapo wasioona tofauti yoyote.

Jambo linalowaunganisha wote ni usingizi. Mama anayeamshwa na jasho mara tatu usiku huamka amechoka na mwenye wasiwasi. Uchovu na wasiwasi huchokoza tumbo. Tumbo likichokozeka, wasiwasi huzidi, na usiku unaofuata usingizi huwa haba zaidi.

Dalili ni ya nani?

Hapa ndipo penye hatari tuliyoitaja. Dalili kadhaa za umri na za tumbo hufanana, na zingine hufanana na maradhi tofauti kabisa. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Jasho la usiku: Joto la umri huja kama wimbi, likakaa dakika chache na kuondoka. Ukijipima kwa kipimajoto hutapata homa. Ukipata nyuzi 38 au zaidi, hilo si joto la umri. Huenda ugonjwa wa tumbo umechacha, huenda ni malaria au maambukizi mengine. Jasho la usiku likiandamana na kukonda au kikohozi kisichoisha, kapimwe kifua kikuu. Kumbuka kwamba kifua kikuu chaweza kushika hata matumbo, na kikafanana sana na ugonjwa wa Crohn. Kipimajoto hakigharimu pesa nyingi, na kila nyumba yafaa iwe nacho.

Uchovu: Mama anayepoteza damu nyingi ya hedhi na wakati huo huo anatokwa na damu katika choo anapoteza damu kwa milango miwili. Anapopanda ngazi anahema, moyo unamdunda, kichwa kinazunguka. Haya yote husemwa ni umri, kumbe ni upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, kiwango cha hemoglobini kikiwa chini ya gramu 12 kwa kila desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Kipimo hiki hufanywa katika hospitali nyingi na majibu hutoka haraka.

Joto, kuhara na kukonda kwa pamoja: Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho, kuhara, moyo kwenda mbio na kukonda. Mama anaweza kudhani ana maradhi mawili kumbe ana moja, nalo lina dawa. Mwulize daktari kama unahitaji kipimo cha damu cha tezi hiyo.

Kuhara usiku: Mwenye IBS kwa kawaida haamshwi usingizini na haja kubwa. Ukiona unaamshwa hivyo mara kwa mara, usiseme ni IBS tu.

Tumbo kufura: Gesi ya kawaida huja na kwenda. Lakini tumbo likifura karibu kila siku kwa majuma kadhaa, ukashiba upesi au ukawa unakwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa ikiwa umefikisha miaka 50 na hukuwa na tatizo hilo awali, ni lazima ovari zichunguzwe. IBS ni nadra kuanza kwa mara ya kwanza katika umri huo, na ndiyo sababu miongozo ya madaktari wa Uingereza tangu 2011 inawataka wafikirie saratani ya ovari kwanza kabla ya kumwambia mama wa umri huo kwamba ana IBS.

Usingoje mambo haya

Mwone daktari bila kuchelewa ukiona damu katika choo au choo cheusi kama lami, ukikonda bila kutaka, ukipata homa pamoja na kuhara, au mwendo wa choo ukibadilika kwa majuma kadhaa. Fanya hivyo pia ukijaza pedi kila saa moja au mbili, ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au ukiona damu yoyote baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi. Damu ya namna hiyo ya mwisho haipaswi kamwe kuitwa "hedhi iliyorudi" hadi mji wa mimba uchunguzwe.

Waliougua kolaitisi ya vidonda kwa miaka minane au zaidi wana jambo la ziada. Hatari ya saratani ya utumbo mpana huongezeka kadiri miaka inavyopita, kwa hivyo hupaswa kuchunguzwa kwa kamera mara kwa mara hata kama wanajisikia vizuri. Mwalimu wetu, ambaye ana miaka tisa na ugonjwa huo, yumo katika kundi hili.

Daftari la shilingi chache

Daktari ana dakika chache za kukusikiliza, na foleni nje ni ndefu. Ukimwambia "naumwa kila mahali" atakuandikia dawa ya hilo kila mahali. Mbinu iliyo rahisi ni kununua daftari dogo na kuandika kila jioni kwa majuma manne hadi sita.

Andika tarehe na kama umeona hedhi. Andika umekwenda choo mara ngapi, kilikuwaje, na kama palikuwa na damu au kamasi. Andika joto la ghafla lilikuja mara ngapi, ulilala saa ngapi, ulikula nini na ulitumia dawa gani. Mstari mmoja watosha. Baada ya mwezi utaanza kuona mambo ambayo hukuyajua: kwamba tumbo huchafuka siku mbili kabla ya hedhi, au baada ya usiku wa kukosa usingizi, au kila Jumatatu kunapokuwa na mkutano kazini.

Jambo lingine ni kuwaambia madaktari wote habari zote. Akina mama wengi humwambia daktari wa tumbo habari za tumbo pekee, na daktari wa akina mama habari za hedhi pekee. Beba dawa zako zote katika mfuko, hata zile za mitishamba, uziweke mezani. Ikiwa umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, uliza mapema ni vipimo gani vinalipiwa ili usishtuliwe na bili.

Dawa za kuangalia kwa makini

Vidonge vya maumivu ndivyo vya kwanza. Mama akiumwa na viungo au tumbo la hedhi hukimbilia duka la dawa kununua ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizi zaweza kuchokoza vidonda vya matumbo na kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Kwa mwenye IBD, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi, pamoja na chupa ya maji moto tumboni.

Vidonge vya madini ya chuma, vinavyotolewa kwa upungufu wa damu, huweza kufunga choo au kuchafua tumbo, na hufanya choo kiwe cheusi. Ukivitumia, jua hivyo ili usiingiwe na hofu, na pia ili usipuuze damu ya kweli. Tumbo likivikataa, mwambie daktari. Chuma chaweza kutolewa kwa kudungwa kwenye mshipa.

Je, tiba ya homoni? Akina mama wengi huiogopa, na hofu hiyo ina historia. Mnamo Julai 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, iliyohusisha wanawake 16,608, ilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliokuwa wakimeza homoni mbili walipatwa zaidi na saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Wataalamu walipoyachambua matokeo tena, walionelea kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambao dalili zinawatesa, manufaa huzidi madhara.

Mwenye IBD anahitaji uangalifu zaidi. Ugonjwa unapochacha, damu yake huwa nyepesi kuganda ndani ya mishipa, na vidonge vya estrojeni huongeza hatari hiyo. Estrojeni ya kibandiko au jeli inayopakwa kwenye ngozi haina hatari kubwa kama vidonge, na haitegemei utumbo ulio mgonjwa kuipokea. Mama ambaye bado ana mji wa mimba hupewa projesteroni pamoja nayo ili kuukinga mji huo. Waliowahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hawapewi homoni hizi, lakini zipo dawa zingine za kupunguza joto. Uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake. Si wa rafiki, wala si wa muuzaji dawa.

La mwisho ni uzazi. Hedhi ikiyumba haimaanishi kwamba mimba haiwezi kuingia. Inashauriwa kuendelea kupanga uzazi kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ikiwa mama amepita miaka 50, na kwa miaka miwili ikiwa hajafikia umri huo. Kuhara sana kwaweza kufanya vidonge vya kupanga uzazi visifanye kazi. Aidha, methotrexate, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa wa Crohn, ni hatari sana kwa mtoto aliye tumboni.

Sahani na kikombe

Hakuna chakula kimoja kinachomfaa kila mgonjwa. Lakini kuna vitu vinavyochokoza joto na tumbo kwa mpigo: kahawa, chai ya rangi kali, pombe na pilipili. Anza kwa kupunguza hivyo. Vinywaji na supu zilizo moto sana pia huleta joto la ghafla kwa baadhi ya akina mama, kwa hivyo acha chai ipoe kidogo.

Kwa wenye IBS, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia walitayarisha utaratibu wa kupunguza kwa muda vyakula vinavyochacha upesi tumboni. Katika jikoni zetu hivyo ni vitunguu, maharagwe, vyakula vya ngano kama chapati na mkate, maembe, tikiti maji na maziwa mabichi. Vinavyotulia ni wali, ugali, viazi, karoti, spinachi, mayai, samaki na papai. Utaratibu huu ni wa majuma mawili hadi sita tu, kisha chakula kimoja kimoja hurudishwa ili ujue hasa kinachokudhuru. Kuacha vyakula hivyo vyote daima ni kujinyima lishe bure. Mtu aweza kugundua kwamba githeri haina neno akipunguza maharagwe na kuacha kitunguu.

Mifupa nayo isisahaulike. Estrojeni ikipungua, mifupa hupoteza nguvu. Vidonge vya steroidi kama prednisolone, vinavyotumiwa kutuliza IBD, huidhoofisha vilevile. Mama aliyemeza vidonge hivyo kwa miezi mingi amwulize daktari kuhusu afya ya mifupa. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kalsiamu miligramu 1,200 hivi kwa siku. Omena wanaoliwa na mifupa yao, uji wa wimbi na maziwa lala ni vyanzo vizuri, na maziwa lala huwasumbua watu wachache kuliko yale mabichi. Ongeza jua kidogo na kutembea kwa miguu nusu saa siku nyingi za juma.

Kazini, safarini na kitandani

Mama anayefanya kazi mjini hujua vyoo vyote vya njiani. Si aibu, ni busara. Weka katika mkoba sarafu za choo cha kulipia, karatasi ya shashi, pedi, chupi safi, mfuko wa kufungia vitu vilivyolowa, na kitambaa cha kujipangusia jasho. Vaa nguo za pamba kwa tabaka ili uweze kuvua sweta bila shida. Katika matatu, chagua kiti cha dirishani. Loperamidi ya kuzuia kuhara husaidia wengine kabla ya safari, lakini isitumiwe wakati kuna damu na homa.

Kazini, tafuta mtu mmoja unayemwamini, hasa mkuu wako, umweleze kwa ufupi: "Nina ugonjwa wa tumbo wa muda mrefu. Wakati mwingine nitatoka ghafla." Huhitaji kueleza zaidi ya hapo. Sentensi hizo mbili zaweza kukuokoa na mwaka mzima wa kisirani.

Usiku, fungua dirisha kidogo, tumia shuka ya pamba badala ya blanketi zito, na ule chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala. Joto likija, vuta pumzi polepole hadi tumbo lipande, kisha itoe polepole zaidi. Mazoezi haya hutuliza mwili wakati wa joto na wakati wa msokoto pia. Ushauri nasaha wa kubadilisha mawazo na tabia umeonekana kusaidia wenye IBS na wenye joto la umri. Si kwamba ugonjwa ni wa kufikirika, la hasha. Ni kwamba ubongo na utumbo huzungumza kila saa.

Baba na watoto mna kazi

Msomaji uliye mume, kijana au mwanafunzi, huenda ukadhani makala haya hayakuhusu. Mama akikujibu kwa ukali saa kumi na mbili asubuhi, huenda amelala saa mbili tu. Usimwulize mbele ya wageni, "Mama, unaenda chooni tena?" Mwachie bafu asubuhi bila kugonga mlango. Panga zamu ya kupika siku ambazo tumbo limemkaba. Baba, usiichukue hali ya mama kutotaka tendo la ndoa kuwa dharau. Ukavu huleta maumivu, na mafuta ya kulainisha yanayotokana na maji au dawa ya estrojeni ya kupaka ukeni hutibu tatizo hilo.

Zaidi ya yote, msindikize hospitali. Mgonjwa aliye na mtu kando yake husahau machache, na huona vigumu kusema "nitakwenda juma lijalo".

Kuhusu mwalimu wetu, ushauri ni huu. Achukue daftari lake, aende akapimwe damu na kinyesi, aulize kama siku ya kamera imefika, na amweleze daktari mmoja mambo yote mawili bila kuona haya. Huenda ikaonekana kwamba vidonda vimeamka na dawa yake inahitaji kubadilishwa. Huenda ikaonekana kwamba utumbo umetulia na damu ni ya hedhi tu. Lo lote liwalo, atakuwa amejua, na ataweza kutibiwa kwa kile anachougua.

Umri ni kitu cha kweli, na hakuna mama atakayeukwepa. Lakini acha daktari ndiye aseme "ni umri", tena baada ya kupima.